Ndoo ya Chachu

Fundi friji alikuwa na mifuko mitano ya unga wa tefu, ile nafaka ndogo ya Uhabeshi, chini ya kitanda, na hakujua kuupika hata kwa kulazimishwa. Jumamosi hiyo alikuwa njiani kwenda kununua wa sita.

Duka lenyewe liko upande wa pili wa mji, mabasi mawili, limebanwa kati ya kinyozi na muuza matairi. Ukipita haraka hulioni. Ndani kuna rafu tatu, mzani, na magunia yaliyokunjwa midomo: tefu nyeupe, tefu nyekundu, shiro, yaani unga wa dengu, kahawa mbichi, na berbere, ile pilipili ya Kihabeshi iliyosagwa na viungo kumi na kitu. Fundi kila akiisogelea hupiga chafya tatu. Hazijawahi kuwa mbili.

"Pua hiyo ni ya mafriji tu," alisema mwanamke mwenye duka, kama anavyosema kila mwezi. "Karibu, shemeji. Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Mkewe alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Mwaka wake wa mwisho miguu ilivimba, mabasi mawili yakamshinda, akawa anamtuma mumewe na orodha. Kwa hiyo mwenye duka, ambaye alitoka naye nchi moja na kumwita dada, alishazoea kumwona fundi peke yake. Mara ya kwanza baada ya mazishi fundi alikwenda kutoa habari. Alitoka nyumbani amepiga moyo konde, maneno ameyapanga vizuri. Mwanamke akamuuliza, "Mwenzangu hajambo?" na ulimi wake, bila kumwomba ruhusa, ukajibu hajambo.

Akaonja utamu wa uongo huo. Kwingine kote walishaanza kumwita marehemu, hata dada yake fundi, aliyekuja kwa wiki moja akagawa nguo zote mpaka kanga ya kulalia. Hapa dukani tu ndipo mkewe alikuwa bado na miguu inayouma, bado analalamika kwamba kahawa ya mwezi uliopita ilikuwa na mawe. Basi akawa anarudi. Simu yake mbona haipatikani? Imeharibika, iko kwa fundi. Mtu mzima na akili zake, anadanganya kama mwanafunzi aliyetoroka shule.

Mwenye duka akapima tefu, akapima shiro, akafungasha berbere kwa karatasi mbili ili kuinusuru pua ya watu. Juu yake akatupia iliki nyeusi chache za bure.

"Hizi zangu kwake. Mwambie asizitwange zote mara moja, harufu inapotea."

"Nitamwambia."

Fundi akanyoosha mkono kuchukua mfuko. Mwenye duka hakuuachia.

"Shemeji, nina shida. Nilisafiri wiki tatu, nikakuta chachu yangu imekufa. Nimeanzisha nyingine, injera zinatoka ngumu, unaweza kutengenezea viatu. Ya mwenzangu haina mfano, ameilea tangu siku aliyoletewa na mama yake. Mwambie anipe kikombe kimoja tu." Akatoa chupa tupu chini ya meza, imeshaoshwa, na mfuniko wake, akamshikisha.

"Chachu ipi?"

"Ile anayoibakiza chini ya ndoo nyeupe. Anapika, anabakiza kidogo, anakorogea unga mwingine. Ndoo yenyewe haioshwi. Miaka yote hiyo hujawahi kuisikia inavyonuka?"

Fundi aliijua injera, ule mkate mpana wa tefu, ikiwa mezani. Ilivyofika mezani, hiyo ilikuwa kazi ya saa ambazo yeye yuko kwenye friji za watu, na hakuwahi kuuliza. Ndoo aliisikia siku moja tu, siku ya tatu baada ya mazishi, alipoamua kusafisha jiko. Miaka ishirini na miwili ya ufundi ilimfundisha kwamba kinachonuka uchachu kimeoza. Akamwaga kwenye karo. Akaisugua ndoo kwa sabuni na maji ya moto, mara mbili, akaianika juani. Alijisifu, hata. Alidhani anamtunzia mkewe vyombo vyake.

Sasa alisimama ameshika chupa ya watu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ndoo imepasuka, ndoo imeibwa. Akatafuta wa kuanza nao, akashindwa. Kitu cha mkewe kilichokuwa bado hai alikimwaga kwa mkono wake.

"Niliiosha," alisema.

"Nani?"

"Mimi. Kwa sabuni."

Mwenye duka akaangua kicheko mpaka akashika mzani. "Na akakuacha mzima? Ningekuwa mimi ungelala nje mwezi."

"Hakuwepo, shemeji. Nilikuwa nimemzika siku tatu kabla."

Kicheko kilichelewa kumtoka usoni. "Lini?"

"Mwezi wa tano huu."

Mwanamke akautazama mfuko, kisha zile iliki.

"Nimemtumia salamu," alisema polepole. "Nimemtumia limau uliposema ana kichefuchefu. Mwezi uliopita nilimkasirikia, nikasema siku hizi anaringa, hata sauti yake hataki niisikie. Nilimsema, shemeji, kwa watu. Na yuko chini ya udongo."

"Nisamehe. Nilitaka tu pawe na mahali..."

"Pako. Palikuwa mahali pako. Umeukalia msiba wangu miezi mitano. Uliniomba lini?"

Fundi aliuficha msiba akidhani ni wake peke yake. Haikumjia hata siku moja kwamba kuna mwingine aliyefiwa.

Mwenye duka akaenda mlangoni, akamwambia mteja aliyekuwa anaingia arudi kesho, akafunga. Nje kulikuwa mchana kweupe, kinyozi kafungulia redio. Akakaa juu ya gunia la kahawa, akavua mtandio, akauweka magotini, akaanza kulia. Hakupiga yowe. Alisema na mwenzake kwa Kiamhari, maneno marefu, akimuuliza, akimgombeza, akinyamaza kidogo kama anayesubiri kujibiwa, kisha akiendelea. Fundi aliambulia neno moja tu, dada.

Makaburini watu walilia wengi, majirani, dada yake, yeye mwenyewe. Wote walimlilia kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwita kwa lugha aliyoitiwa akiwa mtoto, wala yeye mumewe, ukiacha hilo la dada, hakuwa na zaidi ya maneno manne ya lugha hiyo, na yote yalikuwa ya chakula. Akakaa sakafuni kando ya gunia la berbere, chupa tupu mkononi, akamwacha shemeji yake alie mpaka amalize.