Springi za Kinyozi

Grenda ilikuwa imeshapata moto fundi alipoizima na kuuliza tena, kana kwamba jibu lingebadilika.

"Tajiri, nikate kweli?"

"Unataka nikuandikie barua?" Mwenye gereji hakuinua hata uso kwenye simu yake. "Kata kila springi mizunguko miwili, mbele na nyuma. Halafu zipige rangi nyekundu."

Ati nyekundu! Kwa sababu springi fupi za dukani, zile zilizotengenezwa hasa kwa kulishusha gari, huja na rangi hiyo. Kinyozi mwenye gari alikuwa amelipia seti nzima, springi pamoja na shokapu zake fupi. Lakini bei dukani ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na tajiri si mtu wa kuiachia faida yake hivihivi.

Fundi alijua vizuri ubaya wa kazi hiyo. Springi iliyokatwa haibanwi sawasawa na shokapu ndefu ya zamani. Gari likiruka tuta, gurudumu linaning'inia, springi inachomoka mahali pake, na hapo usukani haumsikii tena dereva. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafukuza waliotaka kukatiwa. "Nenda kwa seremala, ndiye mwenye msumeno," aliwaambia, na gereji nzima ikicheka.

Leo hakucheka mtu. Wiki iliyopita mpiga rangi alimjibu tajiri mbele za watu, na sasa hana kazi, yuko nyumbani anahesabu mabati. Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti bovu, na gereji nyingine zilitaka vijana wanaojua kompyuta. Akawasha grenda, akakata. Cheche zilimrukia mikononi wala hakuzikwepa. Aliona anastahili.

Saa nane akaja mkaguzi wa magari, futi mkononi, kitambi mbele. Gari lililoshushwa halirudi barabarani mpaka yeye agonge muhuri. Fundi akaisukuma jeki hadi miguuni pake. Linyanyue, aliomba moyoni. Linyanyue tu, springi zitacheza, utanikamata, na gari hili halitatoka hapa.

"Jeki ya nini? Huoni nimevaa suruali safi?" Mkaguzi alipima kutoka chini hadi kwenye bampa, akaingia ofisini kwa tajiri, akatoka mfuko wa shati umetuna na fomu imeshagongwa muhuri. "Fundi ni wewe? Haya, tia saini."

Fomu ilisema: springi mpya, shokapu mpya. Akatia saini. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko saini yenyewe.

Jioni kinyozi alikuja na mama yake. Alilizunguka gari mara tatu, akicheka peke yake.

"Lo! Fundi, umeua! Cheki ilivyolala! Mama, ndiye huyu niliyekwambia. Huyu habahatishi."

"Mikono yako ibarikiwe, baba," mama alisema.

Fundi aliificha mikono hiyo kwenye mifuko ya ovaroli. "Matuta uyapande polepole," alimwambia kinyozi. "Polepole sana."

"Usiwe na wasi, kaka. Si springi mpya hizi?"

Mlangoni mwa ofisi tajiri alikohoa.

"Panda basi, tukushushe kwako," kinyozi alisema. "Njia si ni hiyohiyo?"

Mama alikuwa ameshaketi nyuma. Alijivuta pembeni, akapigapiga kiti kumkaribisha. Fundi aliufungua mdomo. Maneno yalikuwa machache tu. Tajiri akakohoa tena.

"Nimechafuka, mama. Nitawachafulia viti. Wacha nitembee tu."

Akawafungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi, na gari lilipoanza kuondoka alimsikia mama akimwambia mwanawe, "Umemwona? Watu wenye adabu kama huyu siku hizi hawapatikani."