Mbuzi Waliorudi Beni

Mjukuu wangu Victoire alivunjika nyonga akiwa darasa la sita, mwaka ule askari waliokuwa wakikimbia walipopita Butembo wakipora. Tulikuwa juu ya lori la maharage, tukitoka Kirumba. Lori liliinama kwenye tope, magunia yakateleza, mtoto akabaki chini yake. Wanaume waliokuwa wakikimbia na mizigo yao waliitupa barabarani, wakarudi kumfukua. Majina yao siyajui mpaka leo.

Hospitalini alilala chali miezi mingi, shuka imepitishwa chini ya kiuno na kufungwa kwenye mti juu ya kitanda, ili mifupa ikutane. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, naye mgonjwa, alikuwa akimsuka nywele akiwa amelala hivyo hivyo. Halafu tukaanza kusimama. Tukaanza kutembea tukishika ua wa nyuma ya nyumba yangu, kutoka jikoni mpaka kwenye migomba. Siku nyingine tulifika katikati tu, tukarudi.

Miaka ilipita. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi kidogo, na baridi ya Butembo ikishuka, Victoire huamka asubuhi kama mzee kuliko mimi. Daktari alisema asibebe kitu kizito, na siku ya kuzaa asijaribu nyumbani, aende hospitali, pengine watampasua.

Ésaïe, kijana wa Beni aliyekuwa akituletea mafuta ya mawese, alipomtaka, mwanangu Josaphat, baba yake Victoire, alimwambia yote bila kuficha. Kijana akaenda, akarudi na wazee wake na mbuzi wa mahari. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba mtoto huyu atazeekea kwangu. Siku ile nilipika nikilia.

Katika ukoo wetu na wao, kabla ya ndoa msichana huenda kulima na mama mkwe siku chache. Jioni ya kwanza, wakitoka shambani, mama mkwe humpa kitunga chenye mkanda wa kupitisha kwenye paji la uso, naye hubeba mavuno mgongoni mpaka nyumbani mbele ya watu wote. Hapo anakuwa wa nyumba hiyo. Asiyepewa kitunga amekataliwa, na hakuna anayelazimika kumwambia.

Victoire alienda Beni. Alilima vizuri, alinieleza, na kwa sababu kule ni joto nyonga haikumsumbua. Jioni, Débora, mama yake Ésaïe, alijaza mihogo kitunga chake mwenyewe, akajifunga mkanda. Victoire akangoja. Mwisho akauliza:

"Mama, na mimi nibebe nini?"

"Leo hapana, mutoto wangu. Tembea tu."

Wanawake wa mashamba ya jirani walikuwa njiani. Mmoja akacheka: "Débora, umeleta mukwe ao umeleta mugeni?" Débora akaendelea na njia. Victoire alitembea nyuma yake mikono mitupu, akijitahidi asichechemee.

Kulipokucha Débora alikuwa ametoka, naye Victoire akaomba ruhusa kwa wazee wa nyumba, akasema ananikumbuka, akapanda lori la Sikuli, dereva wa mtaa wetu.

Josaphat alisikiliza hadithi ile amesimama. Nilimwambia angoje, tutume mtu akaulize.

"Kuuliza nini, mama?" akasema. "Tuwaombe batuchukulie kilema?"

Victoire alikuwa mlangoni. Alisikia. Josaphat naye aliona kwamba amesikia, akatoka nje. Tangu siku ile sijamwona akimtazama mtoto wake usoni kwa muda mrefu. Juma lile lile Josaphat aliwarudisha mbuzi Beni, kabla hatujaaibishwa, alisema.

Kisha vita vikasogea karibu na Beni. Magari yakasimama, hakuna aliyepita na habari. Victoire alilima nami. Usiku wa mvua nilimkanda nyonga kwa maji ya moto, naye akinitania kwamba tutafute bwana mmoja wa kutuoa sote wawili, kwa kuwa tunaumwa pamoja.

Barabara ilipofunguka, Sikuli alikuja kwangu kabla hata ya kushusha mizigo yake. Mkononi alikuwa na kitunga kipya, kidogo kama cha mtoto, lakini mkanda wake ulikuwa mrefu, wa mtu mzima, laini, umesukwa kwa uangalifu. Akatueleza maneno ya Débora. Alikuwa amemwagiza mfumaji amtengenezee Victoire kitunga kitakachobeba kidogo tu, mifupa isiumie. Siku ile ya shamba kilikuwa hakijaisha. Hakutaka kumpa kile kikubwa, wala hakutaka kuzungumza habari za nyonga ya mtoto mbele ya wale wanawake. Asubuhi alipokwenda kukichukua, alirudi akakuta msichana ameondoka.

"Na Ésaïe?" Victoire akauliza.

Sikuli alitazama chini. Wazee, walipoona mbuzi wamerudi, walidhani sisi ndio tumekataa. Waliwapeleka mbuzi wale Kamango, wawe mahari ya msichana mwingine, na ndoa ilikwisha kufungwa. Débora alisema kitunga kije hata hivyo, kwa sababu kilikuwa cha Victoire.

Josaphat alisikia yote kutoka uani. Hakuingia.

Victoire aliweka viazi vichache ndani, akapitisha mkanda kwenye paji la uso. Kikamkaa vizuri mgongoni. Akatembea kando ya ua, kutoka jikoni mpaka kwenye migomba.

"Mukaka," akaniita mimi bibi yake, bila kugeuka, "hakiniumizi."

Alikaa kule kwenye migomba muda mrefu, kitunga kikiwa bado mgongoni.