Shati la Dukani

Cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba juu ya mkokoteni, miguu juu kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na fundi alikuwa amefika kona ya kwanza aliposikia mumewe anamfuata. Hakugeuka. Mwendo ule aliujua, mwendo wa mtu aliyebeba saruji tangu ndevu hazijaota. Siku hizi ulikuwa wa kuburuta miguu, lakini fundi hakuwa na moyo wa kuusikiliza.

Kwa miaka ishirini na sita alimshonea mume huyo mashati yote. Hakuhitaji utepe wa kupimia. Alikuwa anamkumbatia mara moja, anakwenda kukata kitambaa. Kule ghalani makuli wenzake walimwita Kifua, na jina lilimfaa, maana kifua chake kilikuwa kama mlango wa kanisa. Halafu, miezi mitatu iliyopita, Kifua akaanza kuvaa mashati ya dukani. Mapana, yananing'inia kama gunia kwenye msumari. Akahamia kulala sebuleni, na shati lake mwilini. Fundi alipotaka kumpima shati la harusi ya binti yao, akasema asijisumbue, atanunua.

Dada yake fundi, ambaye hajawahi kuishiwa maneno, alimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Mume wa mshonaji akivaa shati la dukani, akasema, basi yuko anayemnunulia. Fundi alilipinga neno hilo wiki nzima. Wiki ya pili likamshinda. Siku ya tatu ya wiki hiyo akamwita mzee wa mkokoteni.

"Hakuna mwanamke, mama watoto," mume alisema alipowafikia.

"Nani kasema yuko?"

"Unahama na cherehani."

"Cherehani ni yangu. Vya kwako nimekuachia."

Mzee wa mkokoteni, akijaribu kupoza mambo, aliuliza kama cherehani hiyo ina mimba, mbona nzito hivi. Hakuna aliyecheka.

Mbele ya kibanda cha kinyozi fundi alisimama. Alivua utepe shingoni, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Basi vua shati nikupime. Nikimaliza, mzee anageuza mkokoteni, tunarudi nyumbani. Sisemi tena."

Kifua alishika ukosi wa shati kwa mikono yote miwili, kama msichana aliyefumaniwa akioga. Kinyozi alitoka na mkasi wake kutazama.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nitakuambia. Si hapa."

"Na nyumbani je? Miezi mitatu tulikuwa nyumbani."

Fundi akaurudisha utepe shingoni, akamwambia mzee asukume.

Kulikuwa na kilima baada ya hapo, na katikati ya kilima gurudumu likazama kwenye shimo. Mzee alihangaika, fundi akasaidia, wapi. Kifua aliwatazama kidogo, kisha akaja akaweka bega. Ndivyo alivyoumbwa. Hakuweza kuona mzigo umekwama akakaa, hata kama mzigo wenyewe ni mke wake anaondoka. Alisukuma mpaka juu. Pale juu akaketi ukingoni mwa mtaro, midomo rangi ya jivu, akawaambia watangulie, anapumzika kidogo.

Mzee alisema huyu baba hayuko sawa.

"Anaigiza," fundi alisema. "Mtu huyu alikuwa anabeba mifuko miwili kwa mpigo."

Wakaenda.

Kinyozi ndiye aliyempigia simu, alasiri, kusema Kifua ameanguka pale kilimani na yuko hospitali, fundi akiwa anapanga nyuzi zake kwenye dirisha la dada yake. Alipofika hospitali alikuta muuguzi anamsubiri mlangoni na kitambaa mkononi. Alimuuliza kama ni yeye aliyemfunga mgonjwa. Kilikuwa bitana ya kahawia, kipande kirefu. Fundi alikitambua, alikuwa amekitafuta kabati zima. Mumewe alikuwa amejizungushia kifuani mara nne, akabana kwa pini, kwa nguvu mpaka ngozi imechubuka.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Mwaka jana walimpa mumewe vidonge vya moyo, na kimoja, kile cha kupunguza maji mwilini, huwaotesha baadhi ya wanaume matiti. Si wote. Yanaanza kwa kuuma, kisha yanavimba. Dawa nyingine ya kazi hiyohiyo ilikuwepo. Angesema, wangembadilishia siku hiyohiyo.

Hakusema. Siku moja, kwenye bomba pale wanapooga baada ya kazi, kuli mwenzake alimtazama akauliza, "Kifua, unamnyonyesha nani?" Wote walicheka, na yeye alicheka. Kesho yake alikwenda kununua shati pana. Akaacha vidonge vyote, hata vile visivyo na kosa. Vidonge akaacha, matiti hayakumwacha, na moyo ukaanza kujaa maji tena.

Fundi aliketi kando ya kitanda. Shati lilikuwa wazi kwa sababu ya nyaya za mashine, na Kifua alijaribu kulifunga. Mkono haukufika. Fundi aliushika mkono ule akauweka pembeni, akatazama alichofichwa.

"Nilijua ukiona utacheka," mume alisema.

"Ningecheka."

Fundi alivua utepe shingoni.

"Ningecheka, kisha ningekata kitambaa upya. Ni inchi mbili, baba watoto. Inchi mbili tu."

Alimpima, polepole, chini ya makwapa mpaka kati. Kifua alifumba macho, akamwacha apime. Alikufa asubuhi yake, kabla ya chai ya wagonjwa.

Alizikwa Jumamosi. Watu walileta methali ya mficha maradhi, fundi akawaambia waondoke nayo. Binti aliolewa baada ya miezi minne, ana mtoto mmoja. Kuli aliyetania pale bombani aliacha kazi ya ghala, anauza mkaa. Mzee wa mkokoteni macho yamemharibikia, anaishi na mwanawe. Daktari alihamishwa. Muuguzi bado yupo. Akimpa mwanamume kidonge kile, kwanza anafunga mlango, anamweleza matiti yanaweza kuota na arudi akiona dalili. Mwaka wa kwanza walirudi watatu. Walibadilishiwa, na wote ni wazima. Fundi yuko kwa dada yake, chumba cha nyuma, anashona sare za shule.