Madirisha Yasiyochoma Macho

Minegishi Sayo alirudi kazini mjini Niigata, Japani, theluji ikianza kuyeyuka. Upasuaji ulimwokolea macho, lakini tangu hapo kila kitu cheupe kiliyachoma kama sabuni. Na kazi yake ilikuwa kuandika programu za maduka ya dawa, ambazo madirisha yake yote kwenye kompyuta yalikuwa meupe pe. Asubuhi hiyo alikwisha kata shauri: baada ya chakula cha mchana angemwambia bosi kwamba anaacha.

Kabla ya hapo akajaribu mara ya mwisho. Aliandika mstari mmoja wa kulipaka dirisha zima rangi ya udongo. Dirisha likakubali, lakini vitufe na visanduku vya kuandikia vikabaki vinang'aa vilevile. Machozi yakamtoka.

Kuwabara, aliyemfundisha kazi na aliyeketi meza ya pili, akasogeza kiti.

"Umepaka ukuta, milango umeiacha?"

"Nimeviamuru vyote, mwalimu Kuwabara. Havisikii."

"Vitasikiaje? Vimevaa sare ya mfumo wa kompyuta yenyewe. Wewe unapaka chini, sare inafunika juu." Akaweka kando tonge lake la wali. "Kivue kitufe sare kwanza, ndipo ukipe rangi. Tena kitaje kwa jina, la sivyo rangi itamwagikia kila kilichomo ndani."

Sayo akakiri kwamba haoni herufi sawasawa. Basi Kuwabara akaandika, yeye akachagua: kijani kizito kwa visanduku, vitufe rangi ya chai. Safari moja walikosea, ukurasa mzima ukawa kijani na maandishi yakamezwa.

"Loo, tumeotesha mwani!" Kuwabara akasema. Sayo akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Programu ilipofunguka tena, akasoma jina la dawa moja. Akasoma na la pili, akateremka mpaka chini kabisa bila kufumba jicho.

Akasimama, akainama mbele ya mwalimu wake na asiinuke upesi. "Leo nilikuwa niage kazi," alisema. "Asante. Sina neno jingine."

Masikio ya Kuwabara yakaiva. "Hebu inuka, watu wanatuangalia! Kaa, tumwekee na mteja mahali pa kujichagulia rangi. Si wewe peke yako unayeumia."

Kwa bosi, Sayo hakwenda. Toleo jipya lilipotoka, mama mmoja mfamasia wa kisiwani Sado alipiga simu kushukuru kwamba naye sasa anafanya kazi bila macho kumuuma.

"Shukrani hizo zina mwenyewe, mama," Sayo akamjibu, akamkabidhi Kuwabara simu.