Kibanja cha Kokwijuka

Mutembei alikuwa akipima kibanja kwa hatua kati ya migomba, na Kokwijuka, dada yake, hakuinua kichwa. Alizidi tu kutandaza nyasi kavu shinani, haraka haraka, kana kwamba akisimama atang'olewa yeye.

"Lameki amerudi kutoka vitani," Mutembei akasema. "Mwanangu huyo anataka kuoa. Nitampa hapa."

"Hapa?"

"Wewe utakaa kwangu. Hutakosa ndizi."

Kokwijuka akazidi kutandaza nyasi. Alipoachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, huyu huyu Mutembei ndiye aliyemwonyesha kipande hiki cha rweya, ile mbuga ya nje ya kijiji cha Kishanda ambako hata ng'ombe hawakutua. Kilikuwa changarawe tupu. Mvua ikinyesha, maji yote yanateremkia bondeni. Akaomba samadi kwa majirani, akaibeba kichwani. Akakata nyasi, akafukia maganda ya ndizi, makapi ya maharage, majivu. Migomba ya kwanza ikageuka njano, ikaanguka. Akapanda mingine. Kisha kiangazi kimoja akafunua nyasi, akakuta udongo mweusi, wenye unyevu, nyungunyungu wakijikunja humo, na vijidudu asivyovijua majina vikikimbia mwanga. Siku ile alicheka peke yake kama mtu aliyejifungua.

Sasa akasimama.

"Kaka, nikifa mtanizika wapi?"

Mutembei akaacha kupima. Kishanda nzima ilijua kwamba mwanamke aliyerudi kwao hana mahali pake, na kwamba aliyekwisha kuonyeshwa mahali pa kaburi lake hahamishwi kirahisi.

"Maneno gani hayo, waitu, dada yangu?"

"Basi nionyeshe mahali."

Mutembei akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo Kokwijuka hakutulia. Kila kishindo cha njiani kilimtoa jikoni, ndizi zikaungulia chunguni. Alipalilia palipokwisha kupaliliwa. Alikaa, akainuka, akakaa tena.

Siku ya soko la Nshamba Lameki akaja, bado amevaa kaptula ya jeshi, mzigo wa nyasi kichwani, jasho likimtiririka.

"Shangazi, hizi niziweke wapi?"

Kokwijuka alimtazama usoni, asijue kama amekuja kumsaidia au amekuja kuanza kumiliki. Akatazama chini. Miguu ya kijana ilikuwa imezama kidogo katika ulaini wa ule udongo.

"Kule mwisho," akasema hatimaye. "Migomba ya kule bado michanga."

Akatangulia. Nyuma yake alisikia mzigo ukikwaruza majani ya migomba, ukimfuata.