Usingizi wa Babu Darasani

Nyumbani mjukuu wa mzee mlinzi wa usiku alikuwa chiriku. Alimsimulia paka, akaisimulia sufuria, akamgombeza babu kwa kuacha viatu mlangoni. Kwa hiyo mwalimu alipomwita yule mzee mlinzi na kumwambia kwamba tangu mwaka uanze mtoto hajatamka neno darasani, babu alidhani anazungumziwa mtoto wa mtu mwingine.

"Huyu wangu? Mwalimu, huyu hata usingizini anaongea!"

"Hapa ni bubu, mzee wangu. Kusoma anajua, naona macho yanavyofuata mistari. Sauti ndiyo haitoki."

Mama yake mtoto alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, na babu ndiye aliyekuwa baba, mama na mpishi wa uji wenye mabonge. Masomo aliwaachia walimu. Yeye kazi yake ilikuwa kumfikisha getini. Siku hiyo aliona haya.

"Nikija kukaa naye kidogo, itakuwa vibaya?"

"Vibaya? Njoo hata kesho."

Akaja moja kwa moja kutoka lindoni, na koti lake zito, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu yaguse kidevu. Mjukuu aligeuka kila mara kuhakikisha yupo. Babu akampungia mkono. Lakini aliyekesha amekesha. Jua la dirishani likampapasa mgongo, sauti ya mwalimu ikambembeleza, mzee akakoroma.

Wala hakukoroma kwa adabu. Alinguruma kama trekta linalopanda mlima. Darasa likaangua kicheko.

Kilichomzindua ni sauti aliyoijua.

"Msimcheke! Babu yangu amelinda usiku kucha ili watu wengine walale. Nyamazeni, mtamwamsha!"

Mtoto alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anahema. Babu, aliyekuwa amefumbua jicho moja, akalifumba upesi. Aliogopa wakionana tu, sauti ile itarudi ilikotoka.

Mwalimu naye hakuwa mjinga. Akanong'ona, "Basi tusomee wewe, polepole, babu asiamke."

Akasoma. Alikwama, akarudia, akakwama tena, kisha maneno yakaanza kushikana mikono. Babu alisikiliza ukurasa mzima. Chozi likamteremka hadi kwenye ndevu, naye hakulifuta, maana mtu aliyelala hafuti machozi.

Njiani wakirudi, mtoto alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Babu, umenisikia nikisoma?"

"Nitakusikiaje, mke wangu, nami nilikuwa nimelala fofofo?"

"Mwongo! Mbona uliacha kukoroma?"

Babu akacheka mpaka akashika ukuta wa watu.

"Haya, nimesikia. Nimesikia kila neno."

"Hata lile nililokosea?"

"Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Ulilikosea kwa sauti."

Mtoto akaupenyeza mkono wake katika ule mkono mkubwa.

"Njoo tena siku yako ya mapumziko. Ila lala kwanza, babu. Kuna hadithi ndefu, nataka uisikie macho wazi."