Sauti Isiyo ya Msiba

Spika ya msikiti wa Kwengoto ikikohoa nje ya saa za swala, kila mtu bondeni alijua kuna aliyefariki. Wanaume waliacha walichokuwa wakifanya, wakachukua majembe. Wanawake walichota unga, wakafunga kuni, wakajitanda khanga na kuteremka. Hakuna aliyengoja kusikia jina. Jina wangelipata njiani, au wangelikuta msikitini, pale kando ya mto ambapo watu wa bonde lile wamekuwa wakikusanyika tangu enzi za babu zao.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha mzee Zuberi Shekalaghe. Alikuwa ametangaza misiba kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto walimwigiza michezoni: mmoja anashika gunzi la hindi mdomoni, anakohoa, anasema kwa sauti nzito, "Tangazo, tangazo," na wenzake wanakimbilia vijiti kama majembe. Zuberi aliwahi kuwafuma, akajifanya kukasirika. Moyoni alifurahi.

Kwa hiyo binti yake Sabra alipokuja na habari za maonyo ya mafuriko, Zuberi aliona kazi imemfikia mwenyewe.

Sabra alifanya kazi Lushoto mjini, ofisi ya wilaya, upande wa maafa. Alikuja nyumbani siku ya mapumziko, akakaa jikoni kwa mama yake akimenya viazi, na huku anamweleza baba yake aliyekuwa ameegemea mlango.

"Tate, wewe unajua onyo la mvua lilivyokuwa linasafiri. Watu wa hali ya hewa wanamwandikia mtu wa wilaya. Wa wilaya anampigia mtendaji wa kata. Mtendaji anampigia mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja analisimulia kwa maneno yake. Likifika huku..."

"Likifika huku, mvua ilishanyesha wiki iliyopita," alisema Zuberi.

Sabra alicheka. "Sasa linaandikwa mara moja tu, kwa mpangilio mmoja. Kila jambo lina chumba chake. Hatari gani, iko wapi, inaanza lini na kwisha lini, ni ya haraka kiasi gani, tuna hakika kiasi gani, watu wafanye nini. Mpangilio huohuo unatumika na nchi nyingine. Ndiyo maana simu inausoma, redio inausoma, na mashine ya spika inausoma. Hakuna wa kutia chumvi njiani."

Zuberi aliitikia kwa kichwa taratibu. Jambo hilo halikumpa taabu. Tangazo la msiba nalo lina mpangilio wake: jina la marehemu, mtoto wa nani, amefia wapi, anazikwa wapi, saa ngapi. Hata mtu aliye mbali shambani, upepo ukimnyang'anya neno moja, anajua neno gani amekosa.

"Basi niletee hilo onyo," alisema. "Nitalisoma."

Bonde la Kwengoto limebanwa na milima pande zote, na simu hushika mtandao kwa kubahatisha. Ndiyo maana Sabra alipigania onyo lipitie kwenye spika ya msikiti. Alikuwa ameichora ramani ya bonde kwa mkono wake kwenye kompyuta, mpaka kwa mpaka, ili onyo la bonde lile liwafikie watu wa bonde lile na si wa mlima wa pili. Mashine ndogo ya kupokea ujumbe, isiyotegemea mtandao wa simu, ilifungwa stoo ya msikiti. Onyo likiingia, maandishi yangetokea kwenye kioo chake, na Zuberi angeyasoma kwenye kipaza sauti.

Siku ya majaribio walikuja wageni kutoka mkoani. Walisimama juu shuleni, kwenye uwanja, mahali ambapo watu walitakiwa kukimbilia, wakiwa na Sabra katikati yao. Ujumbe ulitumwa. Ulikuwa umeandikwa wazi kwamba ni wa majaribio, na kwamba watu waondoke kando ya mto wapande shuleni.

Zuberi aliupokea. Akavuta kiti, akawasha kipaza sauti, na kama alivyozoea, akakohoa.

"Tangazo, tangazo. Ofisi ya wilaya inawatangazia wakazi wote wa Kwengoto..."

Aliusoma wote bila kuruka neno, kwa sauti ileile nzito na ya taratibu ambayo ilikuwa imewazika wazee wengi wa bonde lile. Alipotoka nje, uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa na majembe. Mwanahamisi, mjane aliyelima kabichi chini kabisa ya bonde na ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wake, alikuwa na beseni la unga kichwani.

"Amekufa nani?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Ni onyo la mafuriko. Mnatakiwa mpande juu."

"Sasa wewe Zuberi, mbona unatuita huku chini tuje kufa?"

Watu waliangua kicheko. Huko juu shuleni, wageni wa mkoani waliliona bonde zima likimiminika kuelekea mtoni, mahali palepale ambapo ujumbe uliwaambia wapakimbie. Mmoja wao alifunga daftari lake. Alimwambia Sabra kwa upole kwamba spika zitolewe kwenye mpango, zibaki simu peke yake.

"Huku simu hazishiki," alisema Sabra.

"Angalau simu haikusanyi watu mtoni."

Sabra aliomba apewe nafasi moja tu nyingine kabla ya masika. Akakubaliwa, kwa shingo upande. Asipofaulu, Kwengoto ingeingia kwenye mvua bila onyo lolote.

Jioni, nyumbani, hakumlaumu baba yake. Alisema ujumbe haukuwa na kosa na aliyeusoma hakukosea neno. Hilo lilimchoma Zuberi kuliko lawama. Alijua kosa liko wapi. Watu hawakuwa wamesikia maneno hata kidogo. Walimsikia yeye.

Kesho yake aliwaita majirani wachache barazani, na Sabra akawauliza wafanyeje. Mmoja alisema lipigwe debe. Mwingine alisema king'ora, kama cha gari la wagonjwa. Sabra aliandika yote, hakukataa hata moja. Kisha Mwanahamisi akasema, huku akichambua maharage aliyokuja nayo ili asipoteze muda:

"Wekeni sauti ya mwanamke. Tangu nizaliwe sijasikia mwanamke akitangaza msiba kwenye ile spika. Hata niwe usingizini nitashtuka niseme, hii siyo ya kuzika."

"Mwanamke gani?" aliuliza mtu.

"Unauliza? Si huyu hapa aliyetuletea balaa lenyewe."

Wakacheka tena, ila safari hii Sabra alicheka nao.

Lakini spika ilikuwa ya msikiti, na msikiti una kamati. Zuberi alikwenda mwenyewe. Shehe Ibrahimu, imamu wao, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama kawaida yake. Jafari, mweka hazina, ndiye aliyeanza.

"Sauti ya mwanamke kwenye spika ya msikiti? Na wewe Zuberi, umechoka kusikika?"

"Nasikika," alisema Zuberi. "Ndiyo tabu yenyewe. Nikikohoa tu, watu wanakuja kwangu. Siku mto ukija, watu watakuja hivyohivyo, wakiwa na majembe mkononi, na mimi nitakuwa nimewaita."

Jafari alimgeukia Shehe.

"Siyo adhana?" aliuliza Shehe Ibrahimu.

"Siyo."

"Siyo mawaidha?"

"Ni onyo tu, Shehe. Toka hapa, nenda kule."

Shehe alifikiri kidogo. "Mke wangu akiona nyoka mlangoni, sitamwambia anyamaze mpaka nifike mimi. Arekodi. Ila Zuberi, hakikisha anasema kwa nguvu. Binti yako huyo ukiongea naye unadhani anakuambia siri."

Sabra alirekodi siku nzima, kwenye darasa tupu la shule. Kila jambo linaloweza kuandikwa kwenye vile vyumba alilipa sentensi yake: mto, udongo, upepo, sasa hivi, baadaye, pandeni, bakini, rudini. Mashine ingesoma ujumbe na kuziunganisha sentensi zake kwa jinsi ulivyoandikwa. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kishambaa. Na kwa spika aliamua jambo moja: lile la kufanya ndilo litangulie, mengine yafuate. Spika ya pili ilifungwa kwenye paa la shule, ikiwa na mashine yake na sola yake. Majaribio ya pili yalipofanyika, watu walipanda. Wageni wa mkoani walipeana mkono na Sabra, lakini Zuberi aliona hata hivyo kwamba nusu ya waliopanda walikuja kumwona mtoto wa Shekalaghe anavyosikika. Hilo halikuwa onyo bado. Lilikuwa tamasha.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha mfululizo juu kwenye mlima Magamba, mto unakoanzia, huku bondeni ikawa manyunyu tu. Asubuhi moja Zuberi alikuwa shambani akipalilia maharage, na mto ulikuwa wa kawaida, kama ulivyokuwa jana yake, watu wakifua.

"Pandeni! Pandeni shuleni sasa hivi! Mto unakuja!"

Jembe lilimtoka mkononi. Hakukuwa na kikohozi wala tangazo. Ilikuwa sauti ya Sabra, ile ya mtoto aliyekuwa akimwita ale chakula, ila ilikuwa kubwa kama mlima wenyewe. Aliona wanawake waliokuwa wakifua wakiziacha nguo mtoni. Aliona Jafari, mweka hazina, akimbeba mama yake mgongoni. Mwanahamisi alipanda akifukuza mbuzi mbele yake na kuwatukana kwa Kishambaa. Hakuna aliyekwenda msikitini. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Walikuwa bado hawajatulia uwanjani pale shuleni maji yalipofika, mekundu, yakibeba migomba na mawe. Yalilamba mashamba ya chini na vibanda viwili vya mbuzi. Kisha, ghafla, mto ukashuka. Ukashuka mno, mpaka mawe ya chini yakaonekana. Mawingu yalifunguka na jua likatoka.

Watu walipumua. Wengine walianza kukusanya vitu vyao. Zuberi alikumbuka kwamba mlango wa msikiti ameuacha wazi, na mikeka yote iko ndani. Akakunja kanzu, akashika njia ya kuteremka.

Mkono ulimkamata kanzu kiunoni.

"Unakwenda wapi, mzee?" Alikuwa Mwanahamisi.

"Nafunga msikiti. Mto umekwisha."

"Nani kasema umekwisha?"

"Si unauona?"

"Naona. Kabichi zangu zilizobaki nazo naziona, zinaniita kuliko mkeka wako. Lakini Sabra hajasema. Rudi ukae."

Na kama aliyekuwa akisubiri atajwe jina, spika ya paa la shule ikazungumza. "Bakini juu! Msishuke! Onyo limeongezwa muda. Udongo umeporomoka na kuziba mto huko juu."

Zuberi alirudi akakaa. Baadaye ndipo walipojua kwamba mtendaji wa kata ya juu aliuona mlima umeporomoka na mto umesimama nyuma ya udongo kama bwawa; kwamba alijaza vile vyumba kwenye simu yake akiwa kwenye mvua; na kwamba ujumbe wake ulilishika onyo la kwanza na kulirefusha, badala ya kuanzisha lingine la kuwachanganya watu. Wakati ule walichojua ni kwamba hakuna anayeshuka. Wanaume wawili waliokuwa wamefika nusu ya njia waliitwa kwa mayowe, wakarudi wakinung'unika.

Udongo ulipoachia, hawakusikia maji kwanza. Walisikia ardhi. Kisha mto ukaja tena, mrefu kuliko msikiti, ukaupitia dirisha hadi dirisha, na njia ile ambayo Zuberi alitaka kuteremkia haikuonekana tena. Mwanahamisi aliiachia kanzu ya Zuberi, ambayo hakujua kwamba bado ameishika.

Simu ya Zuberi ililia. Huko juu mtandao ulishika. Alikuwa Hassani, shemeji yake, muuza chipsi wa Mazinde, chini ya mlima, ambako maji ya Kwengoto huishia.

"Shemeji! Mko salama? Huku redio imetangaza, simu zote zimelia, watu wote wameondoka kandokando. Na maneno ni yaleyale, redioni na kwenye simu! Nimemwambia mtu hapa, huyo aliyeandika hivi ni mtoto wetu, akanibishia."

"Mwambie asibishe," alisema Zuberi.

Waliruhusiwa kushuka kesho yake tu, na Sabra ndiye aliyewaruhusu, kwa sauti ileile: "Rudini. Hatari imekwisha." Nyumba kadhaa zilikuwa zimekwenda. Watu walihesabiana, wakawa kamili.

Yeye mwenyewe alifika mchana kwa miguu, maana barabara ilikuwa imekatika. Alikuwa na matope mpaka magotini na begi la kompyuta kifuani. Watu waliokuwa wakikwangua matope msikitini walisimama. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kwa ile sauti yake ndogo, akiwainamia.

"Marahaba," alisema Mwanahamisi. "Lakini mbona hapa unanong'ona? Jana ulitupigia kelele kama mama mkwe."

Kicheko kililipuka uwanja mzima, na Shehe Ibrahimu, mwenye matope mpaka kwenye ndevu, alicheka kuliko wote. Sabra alijificha uso kwa mtandio.

Zuberi aliliweka koleo chini. Alimwendea binti yake, akamvua lile begi, akalitia begani mwake. Watu waliliona hilo, mzee wa rika lake akimbebea mtoto mzigo. Wakapisha njia. Zuberi akatangulia mbele kwenda nyumbani, taratibu, akimwonyesha mahali pa kukanyaga.